Jinsi ya kusoma barua pepe za makosa kutoka kwa skripti ya kusawazisha tafsiri

Wiki hii watafsiri wawili wa kikundi chetu hapa Lubumbashi walinionyesha barua pepe ileile, kila mmoja akidhani kwamba ameharibu kazi ya wenzake wote. Barua hiyo haina salamu wala jina la mtu, na hakuna mtu aliyeiandika. Kwenye seva kuna skripti (faili ya amri) inayoamshwa na kroni, yaani programu ya kuanzisha kazi kwa ratiba, kila usiku ili ichukue tafsiri mpya, izikague, kisha izipeleke kwenye hazina ya programu; chochote ambacho skripti hiyo inachapisha ikiwa kazini, kroni hukikusanya na kukituma kwa anwani iliyowekewa. Kwa hiyo mnachokisoma ni maneno ya mashine, na maneno hayo yana mpangilio unaoweza kufuatwa.

Hatua ya kwanza ni saa. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi wa Lubumbashi, Bukavu na Goma tuko mbele kwa saa mbili. Barua inayosema 01:00 inahusu saa tisa usiku kwetu, na kazi iliyohifadhiwa baada ya hapo haihusiki na kosa hilo.

Hatua ya pili ni kutafuta mstari wa kwanza wenye jina la faili, nukta mbili, kisha namba. Wengi huanza na mstari wa mwisho kwa sababu ndio unaotisha, lakini huo kwa kawaida husema tu kwamba kazi imesimama. Sababu iko juu, kwa mfano:

sw_CD.po:412: format specifications in 'msgid' and 'msgstr' for argument 1 are not the same

Jina la faili ni sw_CD.po, yaani Kiswahili cha Kongo. Namba 412 ni mstari wa kufungua. Maelezo yanayobaki yanasema kwamba alama ya kwanza ya kujazia katika tafsiri (msgstr) si ya aina moja na ile ya maneno ya asili (msgid).

Hatua ya tatu ndiyo ninayoomba muisome polepole, kwa kuwa kosa hili hutupata hasa tunapoandika Kiswahili kizuri. Fungua mstari ule na utakuta kitu kama hiki:

#, c-format
msgid "%s's %d files"
msgstr "Faili %d za %s"

Alama %s itajazwa jina la mtu, na %d itajazwa idadi. Kiingereza humtaja mwenye mali kwanza. Kiswahili hutaja kitu, halafu idadi, halafu mwenyewe. Mtafsiri hakukosea lugha hata kidogo, ila programu bado inatoa jina kwanza na idadi baadaye, na jina likiingia mahali pa namba, na namba mahali pa jina, programu inaweza kuanguka. Dawa si kuupinda Kiswahili ufuate Kiingereza, bali ni kuzipa alama namba za zamu:

msgstr "Faili %2$d za %1$s"

Ningependa pia mkumbuke kwamba alama zote mbili zikiwa %s, ukaguzi hauoni mabadiliko ya zamu, na hakuna barua itakayokuja: programu itachanganya majina kimya kimya. Hapo jicho la mtafsiri ndilo mlinzi wa pekee.

Hatua ya nne: kabla ya kurudisha faili, ikague kwenye kompyuta yako kwa amri hii, kisha rekebisha mpaka isitaje kosa lolote:

msgfmt -c -v -o /dev/null sw_CD.po

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi niko Katuba. Barua hizi zinanijia kila usiku. Je, naweza kuondoa anwani yangu kwenye MAILTO, mstari unaoiambia kroni itume barua kwa nani, ili nipumzike?

Dada yangu, tafadhali usifanye hivyo, kwa sababu siku tafsiri zitakapoacha kufika hutapata habari. Tatizo ni kwamba skripti yako inazungumza hata inapofaulu. Ifanye inyamaze kazi inapokwenda vizuri na ichapishe makosa tu; ndipo kila barua itakapokuwa na maana.

Nikiendesha skripti kwa mkono, hapa Bukavu, inafanya kazi. Usiku inakufa na msimbo 127. Kwa nini?

Ndugu, 127 maana yake amri haikupatikana. Kroni haisomi mipangilio unayoipata unapoingia kwenye seva. Mara nyingi njia zake za kutafutia programu ni /usr/bin na /bin peke yake. Andika njia kamili ya kila programu, au weka PATH (orodha ya njia hizo) juu kabisa ya skripti. Ukiwa hapo, weka pia export LANG=C.UTF-8, ili herufi zisizo za ASCII (herufi za msingi za Kiingereza) zisizue kosa jingine.

Barua inasema lugha sw-CD haipo, na mimi naiona folda yangu kwa macho!

Angalia kistari, mama. Faili za gettext, mfumo wa tafsiri wenye faili za .po, huandikwa sw_CD, kwa kistari cha chini, ilhali mifumo mingi ya wavuti huandika sw-CD. Usibadilishe jina la folda. Tafuta katika mipangilio ya skripti mahali ambapo majina hayo mawili yanalinganishwa, uongeze lugha yetu.

Umeme ulikatika skripti ikiwa kazini, na sasa kila barua inataja index.lock. Nifanye nini?

Git, programu inayotunza hazina na matoleo ya faili zake, huweka faili hiyo ili kazi mbili zisigongane, na umeme ulipokatika haikupata nafasi ya kuiondoa. Hakikisha kwanza kwamba hakuna Git nyingine inayoendelea kwenye seva, kisha futa .git/index.lock peke yake, uangalie kwa git status kama kuna faili iliyobaki nusu, na uendeshe skripti kwa mkono mara moja kabla ya usiku kuingia.