Kumzoesha lavubadi mkono na kumfundisha michezo

Nusu ya kazi ya kumpata lavubadi, yule kasuku mdogo, wa kukaa begani huisha siku ya kununua. Chagua kinda aliyekwisha kujilisha mwenyewe, ila bado ana weusi pale mdomo unapoanzia na rangi ya uso haijakolea. Aliyelishwa kwa mkono tangu udogoni ndiye bora. Bei yake huwa juu, na inastahili. Mkubwa aliyekulia kwenye kundi anazoeka pia, sisemi hazoeki, lakini usimchukue ukitarajia akupande kidoleni kabla ya Idi ijayo.

Wa kunaswa usimguse. Vile vikundi vya kijani vinavyopita juu ya miembe ya Mombasa vikipiga kelele ni vizazi vya ndege wa matunduni waliotoroka au kuachiliwa. Asili yao ni Tanzania, wengi wao wa jamii iitwayo Fischer na wale wa shingo ya manjano, na siku hizi wamechanganya damu. Hata hivyo, aliyezaliwa mtini ni wa mtini, hata kama anakula maembe uani kwako. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa mwenye kufuga mnyama wa mwitu, kwa hivyo muulize muuzaji ndege katoka wapi na karatasi ziko wapi. Akianza kukuzungusha, mwachie ndege wake.

Kwangu Kibokoni wako wawili. Kashata ni wa uso wa waridi, jamii ambayo kwao ni nchi kavu za Namibia na Angola. Ni jike, hilo najua kwa sababu ameshataga. Mbaazi ni Fischer, na namwita mwanamume kwa mazoea tu, maana dume na jike wa lavubadi hawa hawatofautiki kwa macho. Kila mmoja ana tundu lake. Ukiwaweka pamoja kabla hawajakuzoea, watashughulikiana wao kwa wao na wewe utabaki mpishi. Lile neno la kwamba lavubadi mmoja peke yake hufa kwa upweke silikubali: mmoja anaishi vizuri, mradi kuna mtu wa kushinda naye. Mimi ni fundi wa kushona, kutwa niko chumbani na cherehani, kwa hivyo mtu wa kushinda nao yupo. Lakini kama unatoka alfajiri kwenda kazini Changamwe na kurudi usiku, chukua wawili, waache wapendane, nawe uridhike kuwatazama.

Tundu liweke chumba wanachokaa watu, likiegemea ukuta, kimo cha uso wako. Likiwa chini anaona kila apitaye ni paka. Na paka wa Mji wa Kale mnawajua. Dirishani peupe pia hapana, kunguru wa hapa hawana adabu. Jikoni ndiyo marufuku kabisa. Moshi wa makaa ni mbaya kwake, na zile sufuria za kikaango zisizoshika chakula zikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayomuua ndege kwa dakika chache, wewe hata harufu hujaisikia. Hapo hapo nitaje udi na ubani. Usiku wa Ijumaa sisi hufukiza, na sijaacha, ila ndege wangu nawahamishia chumba cha mwisho, mlango nafunga, dirisha lao liko wazi, na hawarudi mpaka moshi umetoka wote. Dawa ya mbu ya kuchoma na ile ya kupuliza nimeziondoa nyumbani, chandarua kinatosha.

Vijiti vya kutulia kata vya mpera au mwarobaini, unene tofauti tofauti, ili miguu isikae namna moja siku zote. Mfupa wa dome ukiuokota ufuoni, uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa ukibadilisha maji, uanike juani ukauke, kisha umfungie tunduni: ni chokaa ya bure, na jike anayetaga anaihitaji sana. Chakula cha kila siku ni mawele, ulezi, mtama, mchicha, karoti ya kukwaruza, mahindi mabichi. Nunua nafaka kidogo kidogo, maana unyevu wa pwani huzitia ukungu upesi. Parachichi asionje hata kidogo, ni sumu kwake; chokoleti na kahawa vile vile. Na alizeti iondoe kabisa kwenye bakuli. Alizeti sasa ni mshahara, na mshahara haulipwi asiyefanya kazi.

Siku za mwanzo usimfanye lolote. Kaa karibu, fanya shughuli zako, ongea. Mimi huhesabu vipimo kwa sauti, "kifua thelathini na nane, kiuno thelathini na mbili," na yeye anasikiliza. Wakati huo jifunze kumsoma. Manyoya yakibana mwilini, akawa mwembamba na shingo ndefu, ana hofu: rudi nyuma. Akijikunja na mdomo wazi kukuelekea, anakuonya. Akituna kidogo, akasimama mguu mmoja na kusagasaga mdomo kwa sauti ya mchanga chini ya kiatu, ametulia. Siku akila mbele yako bila kukutupia jicho, ndipo uanze.

Anza nje ya tundu. Punje moja ya alizeti iliyomenywa, katikati ya vidole, kwenye upenyo wa waya. Shikilia bila kuifuatisha mdomoni kwake, aje yeye. Akiichukua na kukimbilia kona, mwache aile kwa amani. Ikishakuwa kawaida, ingiza mkono mlangoni na punje kiganjani, chini ya kifua chake, usiuteremshe kutoka juu. Kila anayemla ndege hutoka juu, na mkono wako unafanana naye. Kisha kidole kilaze mbele ya tumbo, juu kidogo ya miguu, useme "panda" na kumgusa kifuani kwa wepesi. Punje iwe upande wa pili wa kidole, ili njia fupi ya kuifikia iwe kupitia kwako. Anayeogopa kidole mpe kijiti kwanza, na kila siku sogeza vidole vyako kwenye kijiti hicho mpaka siku moja akanyage ngozi.

Atauma, lavubadi huuma. Majike wana ukali zaidi, na tunduni mwao hasa. Ukipiga kelele na kuuvuta mkono, umempa tamasha na ushindi kwa pamoja. Tulia, mshushe kwenye kijiti, geuka, nyamaza kidogo, kisha uanze tena hatua moja nyuma ya pale alipouma. Kumpuliza usoni, kumpiga kidole mdomoni, kumfinya: yote hayo yanamfundisha jambo moja tu, kwamba mkono ni adui. Mtoto wa jirani huja kwangu kila mara kuniuliza, "Bi, kwani huyu mbona hakuumi wewe ananiuma mimi?" Hakuna siri, ni pupa ya mkono. Nimemwambia ashike punje na aangalie pembeni, na sasa anapandwa hadi kichwani.

Kabla ya kumtoa tunduni, zunguka chumba kwanza. Pangaboi lizime, na usubiri lisimame kabisa. Madirisha na pazia funga. Pipa la maji lifunike. Nyumba za Mombasa zote zina pipa au ndoo ya akiba, na ndege huyu wa gramu hamsini akitumbukia hatoki. Kioo kikubwa tundika kanga mpaka ajue kilipo. Nyumba yangu ina nyongeza: pini, sindano na nyuzi. Uzi ukimzonga mguu unakata damu, kwa hivyo vyote vinaingia kopo lenye kifuniko kabla mlango wa tundu haujafunguliwa. Kukata mbawa silipendi. Ndege asiyeweza kuruka haji kwako kwa hiari, na uzuri wote wa kazi hii ni hiari.

Sasa michezo. Unahitaji mlio mmoja mfupi usiobadilika na kijiti. Kwa mlio mimi nabonyeza kalamu, ile ya kubonyeza kisogoni. Kwa kijiti, chukua cha mishkaki, kata ncha yote. Kwanza funganisha mlio na malipo: bonyeza, punje, bonyeza, punje. Akianza kukutazama mkono kila kalamu inapolia, ameelewa kuwa mlio ni ahadi. Usiivunje ahadi hiyo hata ulipobonyeza kwa bahati mbaya.

Halafu mwonyeshe kijiti karibu na mdomo. Lavubadi hawezi kuona kitu bila kukijaribu kwa mdomo, na papo hapo anapokigusa, bonyeza, lipa. Baadaye kisogeze kidogo, apige hatua moja ndipo akiguse. Akishakifuata kijiti, michezo mingi imekwisha. Kizungushe nyuma ya kisogo chake naye atajizungusha: lipa nusu duara kwanza, kisha duara zima, na neno "zunguka" lilete mwisho, akiwa tayari anafanya. Kumpitisha kwenye pete, shika bangili ya plastiki kati yake na kijiti, ikiwa imesimama mezani. Akizoea kupita, inyanyue kidogo kidogo. Kumrusha kuja mkononi, anza na mwanya wa hatua moja kutoka mgongo wa kiti hadi kwenye kiganja, na uongeze mwanya pale tu anapokuja bila kusita.

Muda uwe mfupi, dakika tano zinatosha, asubuhi kabla ya bakuli la kwanza. Nasema kabla ya bakuli, sisemi kwa njaa. Mwili mdogo kama huu hauna akiba. Anayemnyima ndege chakula kutwa ili amtii anamdhuru. Maliza yeye angali anataka, kwa kitu anachokijua. Akianza kujichokoa manyoya, kutazama dari, au kuichukua punje na kuiangusha, darasa limekwisha, hata kama ndiyo kwanza umeketi.

Michezo migumu zaidi usiitoe kichwani mwako, itoe kwake. Mpe Kashata karatasi ya gazeti. Anaibana ukingoni kwa mdomo na kutoboa tundu baada ya tundu, kwa mstari ulionyooka kuliko wa mwanafunzi wangu wa kwanza wa cherehani, mpaka ukanda wa upana wa utepe unang'oka mzima. Kisha anageuza shingo, anauchomeka kwenye manyoya ya kiunoni, anayabana, na kuanza mwingine, mpaka anatembea na mkia wa pili wa karatasi. Ndivyo majike wa jamii yake wanavyosafirisha vifaa vya kiota. Fischer hubeba mdomoni. Mwaka 1962 mtafiti William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza alivyozichanganya jamii hizi mbili: chotara walichomeka karatasi zikadondoka, wakachomeka tena zikadondoka, na ikawachukua miaka kuzoea kubeba mdomoni.

Basi Kashata sikumsumbua na kubeba. Mchezo wake ni kuniletea utepe: nikisema "kata," anakata mmoja, anauvaa, anarukia mkononi nimvue, analipwa. Mbaazi ndiye mbebaji. Anachukua kifungo cha koti na kukitia ndani ya kikombe kidogo cha kahawa chungu. Nilimlipa kwanza kwa kukiinua kifungo, kisha kwa kukiachia juu ya kikombe nilichokiweka chini ya mdomo wake, kisha kikombe nikakisogeza taratibu. Vifungo viwe vya plastiki na vikubwa asivyoweza kuvimeza. Sarafu na vyuma hapana, maana zinki na risasi humtia sumu. Kusema maneno usimlazimishe. Huyu si kasuku wa kijivu. Nadra sana lavubadi kutamka kitu.

Utepe wa karatasi una ubaya wake, nao ni kwamba unaamsha kiota. Jike akianza kujificha chini ya mto, kutetea kona na kuuma bila onyo, ondoa karatasi zote na kila kijisanduku, mlaze mapema apate giza la muda wa saa kumi na mbili, na usimpapase mgongoni wala chini ya bawa. Kichwani na shingoni tu. Michezo ipumzike mpaka hasira ipite. Akivimba chini ya tundu, akikakamuka na yai halitoki, usitafute dawa ya nyumbani, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Akinyonyoka manyoya pia ngoja. Vichipukizi vipya vinauma vikiguswa.

Mchezo ambao watu husahau ni wa kurudi tunduni. Ndege hugundua haraka kuwa kijiti kikielekea mlangoni, starehe imekwisha, na ndipo utakapowaona watu wazima wakimfukuza chumbani kwa taulo. Mfundishe tangu wiki ya kwanza. Mlete mlangoni, bonyeza, punje, mtoe tena. Mlete, punje, mtoe tena. Mara nyingi kurudi kusiwe na maana ya kufungiwa. Na ile punje nono kuliko zote isipatikane popote pengine isipokuwa ndani ya tundu, upande wa nyuma kabisa.