Kupima laini za napia kwa fremu ya A ili udongo usiishie Ziwa Naivasha

Juzi nilikuwa kwa mzee mmoja wa WRUA yetu (chama cha watumiaji wa maji) huku upande wa mto Turasha, amepanda napia, ile nyasi ya ng'ombe, laini nne za kuzuia udongo, kwa macho ziko sawa kabisa, mvua ikaja ikazipita kama hakuna kitu. Kumbe laini zinateremka badala ya kukaa usawa. Sikumcheka juu hata mimi yalinipata, kwa hivyo naandika hapa mara moja nisiwe narudia kwa simu.

Turasha inaingia mto Malewa, na Malewa ndio inaleta sehemu kubwa ya maji ya Naivasha. Ziwa halina mto wa kutoka, so udongo ukishafika huko umefika, pamoja na mbolea uliyonunua.

1. Fremu

Fito mbili za mita 2, moja fupi ya kukatiza katikati, unapata A. Miguu ipanuke karibu mita 2. Piga misumari halafu uzungushe waya, kamba ya sisal achana nayo, fito zikikauka inalegea na hutajua. Juu kabisa funga uzi, na chini ya uzi kitu kizito. Mimi natumia kufuli la zamani, jiwe huzunguka-zunguka na kutoroka.

2. Kutafuta katikati (hapa ndio watu huharibikiwa)

Usipime kwa rula ukasema katikati ya ule mti wa kukatiza ndio katikati. Siyo. Mguu mmoja ukizidi mwingine hata kwa vidole viwili, umeshapotea, na fito za msituni hazijawahi kulingana.

Pigilia vigingi viwili chini, mguu mmoja juu ya kila kigingi. Uzi ukitulia, weka alama unapogusa ule mti. Sasa geuza fremu, mguu wa kushoto uende kulia, *kwenye vigingi vilevile*, weka alama ya pili. Katikati ya hizo alama mbili ndio usawa wako, chora kwa kisu maana kalamu inafutika na umande.

Mimi mara ya kwanza niligeuza nikakanyaga kando ya kigingi, kando kidogo tu, nikaona haina neno. Nikapima siku nzima. Mvua ya kwanza maji yote yakakusanyika kona ya chini, yakachimba korongo mpaka kwa waru (viazi) za jirani, na huyo jirani hadi leo ananisalimia akiangalia kando. Upepo nao: huku Kinangop saa nane mchana uzi hautulii hata ufanye nini, pima asubuhi. Na fremu ikianguka, hata kama inaonekana nzima, rudia hatua hii yote, ni dakika tano. Kuna vijana huweka simu juu ya ule mti wa kukatiza ndio ipime usawa, mti wenyewe umepinda, sasa hapo unapima nini?

3. Laini

Anzia pembeni ya shamba. Mguu mmoja kwenye kigingi, zungusha ule mwingine mpaka uzi uguse alama, pigilia, endelea. Ukimaliza simama mbali uangalie, kigingi kimoja kikiwa kimeruka nje ya wenzake kirudishe kwa laini.

4. Laini inayofuata

Teremka mpaka macho yako yawe sawa na ardhi ya laini ya juu. Hapo. Mteremko ukiwa mkali laini zitakaribiana zenyewe, usizitanue eti unaokoa nafasi ya waru.

5. Kupanda

Vipande vya napia vya macho (vifundo) matatu, mawili yaingie udongoni, vilale kidogo, mvua ikishashika. Panda mistari miwili, vipande vya mstari wa pili vikae kwenye nafasi za ule wa kwanza. Kwa baridi ya huku juu napia inadumaa na sakitu huichoma, kwa hivyo pale panapolala baridi mimi naweka cocksfoot, nyasi nyingine, inakaa chini lakini inashika. Miche ya bure usiikatae ila iangalie kwanza, napia yenye majani ya manjano yaliyodumaa usilete kwako.

Kwa yule mzee tumeanza kupima upya, vigingi 31 vimeingia jana asubuhi. Napia ya zamani anasema haing'oi mpaka ng'ombe wamalize.