Modeli ya ukuaji wa spirulina kwenye bioriakta: anza na mwanga, utajua lini uvune

Watu wengi wakitaka kutabiri spirulina yao itakuaje wanakimbilia ule mchoro wa herufi S, inakua taratibu, inapaa, afu inatulia. Utakaa vizuri kabisa kwenye data zako, shida ni kwamba ukibadilisha taa au ukaweka mrija mnene zaidi wa bioriakta (chombo unachofugia spirulina) haukwambii kitu, manake haujui kwa nini ukuaji ulitulia. Kama virutubisho vipo vya kutosha, kinachobana mara nyingi ni mwanga, seli za mbele zinawakinga za nyuma, basi modeli ianzie hapo.

Nazungumzia spirulina, sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) wale wale wanaoliwa na flamingo kule Bogoria na Natron. Inapenda maji ya magadi, pH 9 mpaka 10 na joto karibu nyuzi 35, na hali hiyo inawafukuza wavamizi wengi kwa hiyo kwa mtu anayejifunza ni rahisi kuifuga.

Pima kwanza uzito mkavu: chuja ujazo unaoujua kwenye karatasi ya chujio uliyoipima, suuza vizuri (hapa usione uvivu, maji yake yana chumvi nyingi na chumvi ikibaki utaihesabu kama spirulina), kausha, pima tena. Rudia kwa mkusanyiko tofauti tofauti huku unasoma na ukungu wa sampuli kwa spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaopita) kwenye mwanga wa nm 750, baadaye utakuwa unasoma ukungu tu na kubadilisha kuwa gramu. Usitumie nm 680, pale klorofili inanyonya mwanga na namba itacheza hata kama seli hazijaongezeka.

Mwanga pima kwa sensa ya PAR (inayosoma ule mwanga unaotumika kwenye usanisinuru), achana na laksi, zile zimetengenezwa kwa jicho la mtu. Soma mbele ya mrija (I0) na nyuma yake (In), afu kama ni wa bapa unapata namba ya unyonyaji:

k = ln(I0/In) / (X·L)

X ni gramu kwa mita ya ujazo, L ni unene kwa mita. Gramu 1 kwa lita ni gramu 1000 kwa mita ya ujazo, ukisahau hapo modeli nzima inakuwa takataka.

Sasa mwanga wa wastani ndani ya mrija na kasi ya ukuaji:

Iw = I0/(k·X·L) · (1 − e^(−k·X·L))
μ = μmax · Iw/(K + Iw) − m
dX/dt = μ·X

μmax ni kasi kubwa kabisa ya ukuaji, K ni mwanga unaofikisha nusu ya kasi hiyo, m ni kile seli zinachokula zenyewe kwa kupumua. Tuchukue namba za mfano tu: I0 200 µmol/m²/s, k 0.15 m²/g, L sentimita 5 (yaani mita 0.05), μmax 1.2 kwa siku, K 80 µmol/m²/s, m 0.1 kwa siku. Ukiwa na 0.1 g/L, Iw ni kama 141 na μ ni 0.67 kwa siku, raha tupu. Ukifika 1 g/L mwanga umeshuka mpaka 27 na μ ni 0.20. Lakini zidisha μ kwa X uone: ile ya kwanza inakupa 0.067 g/L kwa siku, hii 0.20, na ukiiacha ifike 2 g/L inarudi 0.14. Kilele kiko kwenye 0.8 au 0.9 g/L hivi, kwa hiyo anayesubiri maji yawe kijani cheusi ndo avune anapoteza mavuno, vuna kidogo kidogo ubaki jirani na hapo.

Kwa kuhesabu muda Excel inatosha, kila mstari ni saa moja, X mpya = X + μ·X·(1/24). Ukijua Python tumia solve_ivp, ile ya SciPy ya kutatua milinganyo kama hii ya dX/dt. Nje juani weka mwanga unaopanda kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni, usiku Iw ni sifuri na X inapungua kidogo, hiyo ni kawaida. Jua la mchana linaweza kuunguza seli zikiwa bado chache, hapo badilisha fomula iwe μmax·(Iw/Ib)·e^(1−Iw/Ib), Ib ni mwanga unaowafaa zaidi.

Jambo linalowasumbua wengi ni kutafuta μmax na K kutoka jaribio moja: zinavutana, ukipandisha moja nyingine inafidia na grafu inabaki nzuri vile vile. Fanya majaribio kwenye viwango vitatu au vinne vya mwanga, kimoja kifiche usikitumie kutafutia μmax na K, afu uone kama modeli inakitabiri. Ikitabiri kubwa mno pale X ikishakuwa juu, angalia pH kabla hujagusa namba, ikikaribia 11 ujue kaboni inaisha na unatakiwa kuongeza bikabonati au kupuliza CO2.