Kikaango cha vitumbua cha chuma: kukitambua, kukifufua na kukitunza

Wifi yangu karithi kikaango cha mama yake kikiwa na kutu mpaka kwenye mpini, akawa anataka kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tumekifufua. Maswali aliyoniuliza ndiyo ninayoulizwa na kila mtu, basi haya hapa.

1. Hakikisha ni chuma

Madukani vimejaa vikaango vya alumini vilivyopakwa weusi. Sumaku hainasi kwenye alumini. Cha chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni kizito, kuta zake nene, na mara nyingi mpini umetoka kwenye kalibu moja na kikaango chenyewe. Kininginize kidoleni ukigonge kwa funguo: kizima hulia kama kengele. Kikitoa mlio mfu, tafuta ufa, hasa kwenye vikuta kati ya shimo na shimo. Chenye ufa usikinunue hata kwa bei ya bure.

Mlio ughaibuni, tafuteni vya Kihindi vya paniyaram au vya Denmark vya æbleskiver. Kazi ni ileile.

2. Toa kutu

Siki na maji, nusu kwa nusu. Loweka nusu saa, sugua kwa waya wa masufuria. Usikilaze humo usiku kucha, maana siki ikimaliza kutu huanza kula chuma. Na usikitupe kwenye moto mkali ili uchafu uungue. Kinaweza kupinda au kupasuka.

3. Suuza, kausha juu ya jiko papo hapo

Papo hapo. Kutu hurudi ukiwa unatafuta taulo.

4. Mafuta

Hapa ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu kikaango hiki si bapa. Mafuta hutiririka na kutuama chini ya kila shimo, yakipata moto yanageuka gundi ya kahawia, na vitumbua vyako vya kwanza vinang'oka nayo.

Tumia alizeti. Najua wengi watasema mafuta ya nazi. Nazi na mawese ni matamu kwa kupikia, lakini huganda penye baridi, na mafuta ya aina hiyo hayajengi utando mgumu, ule unaozuia kutu na vitumbua kushika. Siagi ina maji, na mara nyingi chumvi. Iache kwenye mkate.

Kikaango kikiwa vuguvugu, paka kila mahali kwa kitambaa cha pamba, nje na mpini pia. Kisha chukua kitambaa kikavu ufute mafuta yote kana kwamba ulimwaga kwa bahati mbaya. Zungusha kidole chenye kitambaa ndani ya kila shimo. Ukiona mng'ao wa majimaji, futa tena. Usiogope kuyamaliza, yanayobaki kwenye chuma yanatosha.

Sasa kifudikize. Kwenye oveni, nyuzi 230 hadi 250 za selsiasi kwa muda wa saa 1, kipoe humohumo. Kwenye jiko la mkaa, subiri makaa yakolee yasiwe na ndimi za moto, kifudikize juu yake mpaka moshi ukate. Fanya nje, moshi ni mwingi. Rudia mara 3 au 4, kila mara kwa utando mwembamba. Kikipoa kikawa kinanata, mafuta yalizidi: kirudishe motoni bila kuongeza tone.

5. Vitumbua vya kwanza

Punguza sukari, kwa kuwa ndiyo inayoungua na kushika. Mafuta yawe ya kutosha kila shimo, na yapate moto kabla ya kumimina unga. Geuza kwa kijiti cha mshikaki.

6. Kila siku

Maji ya moto na brashi; sabuni kidogo haina neno. Usimwagie maji baridi kikiwa cha moto, kitapasuka. Usiache unga ulale ndani. Kausha juu ya jiko, pangusa mafuta kiduchu, hifadhi bila mfuniko.

Kwenye mkaa shimo la katikati hupata moto zaidi, kwa hiyo litachakaa kwanza. Likianza kushika peke yake, sugua hilo tu na urudie hatua ya 4 hapo.