Somo: Kutazama ndege wahamiaji Mida kabla hawajaondoka

Mwezi wa tatu ukiingia tu naanza kuulizwa, "Nilienda Mida Creek (hori la bahari karibu na Watamu, pwani ya Kenya), mbona sikuona ndege?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo someni hapa.

1. Nenda kati ya katikati ya Machi na mwisho wa Aprili. Wanajinenepesha kwa safari ya kaskazini.

2. Beba darubini (ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na lenzi ya milimita 42, yatosha), kofia na maji ya kunywa.

3. Lipa ada ya daraja la mbao la mikokoni bila kunung'unika. Huchangia karo ya wanafunzi wa vijiji vya karibu.

4. Maji kujaa na kupwa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Maji yakipwa, tope huwa pana mno na vitwitwi (ndege wadogo wanaotafuta chakula topeni) hutawanyika mbali, darubini haiwafikii. Yakijaa kabisa, wameshahamia kwingine kupumzika. Fika yakiwa yamebakiza muda wa saa mbili au tatu kujaa, keti kibandani mwisho wa daraja, utulie. Maji yenyewe yatawasogeza kwako. Kumbuka kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na ndani ya hori huchelewa zaidi kuliko bahari ya nje. Siku za maji mafu (maji yasipojaa sana wala kupwa sana) tope huenda lisifunikwe vizuri. Na tafadhali USISHUKE TOPENI kufuata picha. Ndege anayerushwarushwa anachoma mafuta aliyojiwekea kwa safari.

Swali: Saa ngapi ni nzuri?
Jibu: Namba 4.

Swali: Nilienda Jumapili saa nne asubuhi, hakuna kitu. Mnatudanganya.
Jibu: Ndugu, maji yalikuwaje saa hiyo? Hujasema. Hakuna aliyekudanganya.

Swali: Samahani, nilimwona kitwitwi mwekundu kifuani, mdomo umepinda chini. Desemba nilipiga picha wa kijivu mwenye mdomo huo huo. Ni mmoja?
Jibu: Ni aina moja dada, umetazama vizuri! Kwa jina la kisayansi, Calidris ferruginea. Akiwa kwetu huwa wa kijivu, kisha huanza kuwa mwekundu wa tofali kabla ya kwenda kuzaliana kaskazini mwa Siberia. Akiruka, angalia juu ya mkia: pana weupe. Tafuta pia mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyo huchimba shimo mchangani, akataga yai moja ndani.

Swali: Huyo mla kaa, huku Oman yupo? Niko Muscat.
Jibu: Yupo. Nenda Barr Al Hikman, kwenye pwani ya Oman, wakati wa baridi, wapo wengi. Huko nako anza na maji.