Ripoti ya Access ikitoa karatasi tupu

Ndugu zangu mnaotunza hesabu za dagaa na sangara pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu: ripoti ikitoa ukurasa wenye maandishi, kisha mtupu, kisha wenye maandishi, msianze kuilaumu printa. Pimeni upana. A4 ina sentimita 21. Upana wa ripoti ukijumlishwa na pambizo za kushoto na kulia ukizidi hapo, ziada inamwagikia karatasi ya pili, hata kama haina neno lolote. Pambizo za sentimita 2 kila upande zinawaachia 17 tu.

Ukingo wa ripoti ukigoma kuvutwa ndani, tafuteni mstari au kisanduku kilichojificha kulia kabisa. Mara nyingi ni kile cha namba ya ukurasa! Kisogezeni kwanza. Na hakikisheni karatasi iliyochaguliwa si Letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4.