Softena kwenye nguo za mtoto: itumie vipi, na wapi usiiguse kabisa

Kwanza tuwekane sawa, softena sio sabuni. Haitoi uchafu, haitoi mkojo, na nguo ikiwa chafu ukaitia softena unapata nguo chafu inayonukia. Kazi yake ni kuacha kitu kwenye nguo, yaani kautando kembamba ka mafuta mafuta kanakoganda kwenye nyuzi, ndio maana ukishika unasikia laini na harufu inakaa siku kadhaa. Kwa shati lako la kazini hakuna neno. Kwa mtoto sasa, hicho kilichobaki ndio kinashinda kimegusana na ngozi yake shingoni, kwapani, mapajani, na ngozi ya kichanga ni nyembamba kuliko yetu.

Msimamo wangu niuseme mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nao: kichanga usimtilie kabisa. Miezi ile ya mwanzo sabuni isiyo na harufu kali na maji ya kusuuzia ya kutosha vinamtosha, hata kama mama mkwe kaleta Downy au Comfort kwenye mfuko wa zawadi, pokea, shukuru, fulia mapazia. Akishakua kidogo na ngozi yake haina matatizo unaweza kutumia, ila kidogo, na sio kwenye kila nguo.

Alafu jiulize kwanza kwa nini nguo zinakuwa ngumu, maana wengi tunanunua softena kutibu kitu ambacho chanzo chake ni sabuni iliyobaki. Hapa Mwanza maji ya bomba yanatoka ziwani, hayana chumvi nyingi, povu linakuja haraka sana, na sisi tumezoea kwamba povu likiwa dogo nguo haijatakata kwa hiyo tunamwaga sabuni ya unga nusu pakiti kwenye beseni moja, kisha maji ya kusuuzia tunayabania hasa sisi wa milimani ambako bomba likikauka unalipia kila ndoo. Nguo inaanikwa na sabuni yake ndani, ikikauka inakakamaa kama bati na mtoto anatoka vipele kiunoni pale lastiki inapobana. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi ndio zaidi, hapo sabuni haitoi povu vizuri na inaacha ule ukungu mweupe kwenye nguo nyeusi. Punguza sabuni, ongeza suuza moja, alafu ndio uangalie kama bado unahitaji softena. Mara nyingi utakuta huhitaji.

Haya, umeamua kutumia. Fua kawaida, kamua, suuza mara mbili au tatu mpaka maji yasiwe na utelezi mkononi, sio mpaka povu liishe tu, povu linaweza kuisha na utelezi upo. Hapa usiharakishe kwa sababu softena ikikutana na sabuni zinashikana zenyewe kwa zenyewe, unapata utandu mweupe unaorudi kwenye nguo na kote kote umepoteza. Maji ya mwisho weka kwenye ndoo safi, lita 10 hivi, mimina softena kwenye MAJI na ukoroge kwanza ndio uingize nguo. Ukiimwaga juu ya nguo moja kwa moja inaacha mabaka kama ya mafuta. Kiasi angalia kwenye chupa yako maana kuna nzito na nyepesi, ila kwa mtoto mimi nashika nusu ya walichoandika, na ile ya pakiti ndogo ya dukani usione uvivu kuifunga na kibanio ukabakiza, sio lazima iishe leo. Acha dakika tano mpaka kumi, kamua, kung'uta kwa nguvu kila nguo kabla ya kuanika. Mimi hapo huwa naongeza maji matupu mara moja, watasema unapoteza harufu, na ndio nia yenyewe.

Nguo ya kuanzia iwe moja tu. Fulana moja, avae siku moja, jioni wakati wa kuoga mwangalie kwenye mikunjo ya shingo, ndani ya viwiko, nyuma ya magoti. Wiki hiyo usibadilishe sabuni wala mafuta ya kupaka, la sivyo akitoka vipele hutajua ni nini. Ukiona wekundu au anajikuna acha, nguo zirudie kwa maji mengi bila softena, na vipele visipotulia mpeleke kituo cha afya, usianze kumpaka dawa za tyubu ulizoshauriwa na jirani. Mtoto mwenye pumu ya ngozi au anayebanwa kifua na harufu harufu, huyo sahau softena, hata ile iliyochorwa mtoto kwenye chupa. Picha ya mtoto sio dawa.

Kuna vitu havitakiwi kuguswa kabisa. Nepi za kitambaa na taulo, kwa sababu ule utando unazuia kitambaa kunyonya maji, nepi inakuwa laini kweli lakini mkojo unateleza unaishia kwenye mbeleko yako. Nguo za kulalia hasa zile za manyoya manyoya na flana, softena inafanya kitambaa kishike moto upesi, na huku umeme ukikatika tunawasha mshumaa, jiko la mkaa lipo mlangoni na mtoto anazunguka hapo hapo. Na chandarua cha dawa. Chandarua fua kwa sabuni ya kipande taratibu bila kuloweka muda mrefu, anika kivulini, basi. Na ukifua mara kwa mara dawa inaisha, kwa hiyo kisifuliwe kila wiki pamoja na mashuka.

Kitu ambacho watu wanasahau: mtoto halali kwenye nguo zake tu. Analala begani kwako, kwenye kanga yako, kwenye shuka la kitanda kikubwa. Unaweza ukafua vifulana vyake kwa uangalifu wote alafu kanga ya kumbebea umeilowesha softena tangu jana na juu yake umepiga pafyumu. Mbeleko, kanga na foronya za chumba chenu zihesabu ni nguo zake.

Sasa shombo. Wanaoshinda Mwaloni pale Kirumba au wanaoanika dagaa kule Igombe na Kayenze wanajua, unarudi nyumbani kanga inanuka dagaa na ukiifua bado inanuka, softena juu yake unapata dagaa wa maua, harufu mbaya kuliko mwanzo. Loweka kwanza kwenye maji yenye siki nyeupe kidogo au ndimu kama unavyofanya mikononi, nusu saa hivi, suuza, ndio ufue na sabuni. Siki hiyo hiyo kidogo kwenye maji ya kusuuzia inasaidia kutoa sabuni iliyoganda, nguo inalainika na ikikauka harufu ya siki haibaki. Ila siki na Jiki visikutane kwenye ndoo moja hata siku moja, vinatoa hewa ya sumu. Mitumba ya mtoto nayo ni hivyo hivyo, ile harufu yake haitolewi na softena, loweka, fua na maji ya moto, anika juani.

Kuanika nako kunalainisha kuliko watu wanavyodhani. Penye upepo nguo inachezacheza inakauka laini, kwenye jua kali bila upepo inakauka ngumu, basi anua ikiwa na unyevunyevu kidogo sana, ifikiche mikononi umalizie na pasi. Pasi ipite pande zote hasa nguo iliyoanikwa kivulini au kwenye majani, kuna nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake wanaingia kwenye ngozi. Na anua kabla ya magharibi, wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu wanajaa kwenye nguo, ukiwapangusa wanaacha madoa na unaanza upya. Wa kusuuzia ziwani kabisa, mtoto asikae majini anacheza huku wewe unafua, kichocho kinapatikana hivyo hivyo.

Chupa yenyewe iwe juu asikofika. Ina rangi ya bluu au pinki, inanukia, kwa mtoto hiyo ni juisi, na nyie mnaonunua ya kupimiwa msiweke kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Akinywa usimtapishe, msafishe mdomo kwa maji, mkimbize hospitali na chupa mkononi waone ni nini.